Kisigino kinachouma asubuhi: plasta kwanza, mawimbi ya mshtuko baadaye

Unaamka kwa adhana ya Alfajiri, unashusha mguu kitandani, na hatua ya kwanza inakuchoma kisiginoni mpaka unashika ukuta. Ukishafika uani maumivu yamelegea. Unashinda nayo, unayasahau, halafu jioni ukikaa kidogo na kuinuka yanakupokea upya. Hapa Tanga hali hiyo haikosi majina. Mtaa huu watakwambia mfupa umeota, mtaa wa pili watakwambia gauti, na fundi viatu wa Ngamiani atakwambia ni umri. Mara nyingi si kimojawapo, ni kano ya unyayo iliyochakaa.

Chini ya unyayo kuna kano pana na nene inayotoka kwenye mfupa wa kisigino mpaka kwenye mashina ya vidole. Kazi yake ni kushikilia tao la unyayo, kama uzi unavyoshikilia upinde. Kila unapokanyaga inavutika, na vidole vinapokunjika nyuma wakati wa kunyanyua mguu inavutika zaidi. Ikibebeshwa mzigo mkubwa kuliko ilivyozoea, kwa muda mrefu, pale inapojishikiza kisiginoni huanza kuchakaa na kunenepa. Zamani madaktari waliamini ni uvimbe tu unaohitaji dawa za kutuliza uvimbe. Sasa inajulikana kwamba uchakavu ndio mwingi, ndiyo maana mtu anaweza kumeza diklofenaki mwezi mzima, tumbo likaanza kumuwaka, na kisigino kikabaki palepale.

Hupata zaidi watu wa miaka 40 hadi 60, wanaosimama kutwa kwenye sakafu ngumu, wenye uzito mkubwa, wenye vigimbi vilivyokaza, na vijana wanaoanza kukimbia ghafla. Habari njema ni kwamba wengi hupona ndani ya mwaka bila kupasuliwa. Ila mwaka ni mrefu kwa mtu anayeuza samaki Deep Sea au anayefundisha watoto amesimama, kwa hiyo tunatafuta njia ya kuufupisha. Mwongozo uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Uingereza la tiba ya michezo uliweka mpangilio ambao nami naufuata: maelezo ya kutosha kwa mgonjwa, plasta (utepe wa kubandika unaoshikilia unyayo, si hogo la mfupa uliovunjika) na kunyoosha kano kwanza, mawimbi ya mshtuko (mashine inayogonga kisigino kutoka nje ya ngozi) kwa ambaye hajapata nafuu ya kuridhisha baada ya wiki 4 hadi 6, kisha soli maalumu za kuweka ndani ya kiatu. Wengi wanataka kuanzia katikati, kwa sababu mashine inaonekana ya maana kuliko plasta. Usianzie katikati.

Hakikisha ni kano

Kaa kitini, panda mguu unaouma juu ya goti la pili. Kwa mkono mmoja vuta vidole vyote nyuma kuelekea ugoko, mpaka uone ukanda umekakamaa chini ya unyayo. Kwa dole gumba la mkono wa pili bonyeza chini ya kisigino, upande wa ndani, pale kisigino kinapokutana na tao. Kama unaruka hapohapo, na stori ya asubuhi ipo, huna haja ya kipimo cha kutisha.

Sasa bana kisigino kwa viganja viwili, kushoto na kulia, kama unayebana ndimu. Kama hapo ndipo panapouma zaidi, hasa baada ya kuongeza mbio au kazi ya kubeba mizigo, mfupa wenyewe unaweza kuwa na ufa mwembamba. Usifunge plasta, nenda hospitali. Nenda pia kama una ganzi au kuchomachoma kama moto kwenye unyayo, kama maumivu yanakuamsha usiku, kama una homa, au kama ulisikia kitu kimekatika na mguu ukavimba. Kijana mwenye visigino vyote viwili vinavyouma pamoja na mgongo uliokakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa achunguzwe ugonjwa wa viungo. Mwenye selimundu asiyachukulie maumivu mapya ya mfupa kuwa ya viatu. Na mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni asijaribu plasta nyumbani kabisa: mkunjo mmoja wa plasta unaweza kumtoboa ngozi bila yeye kujua.

Kuhusu mfupa ulioota. Ukipigwa picha ya eksirei, kweli huenda ukaonyeshwa kijimwiba kinachochungulia mbele chini ya kisigino. Lakini watu wengi wasioumwa chochote wanacho, na wengine wanaoumwa sana hawana. Ukipona, kitabaki pale pale. Kwa hiyo anayekuuzia dawa ya kuyeyusha mfupa, ya kunywa au ya kupaka, mshukuru na uendelee na safari.

Ndala

Nisipoisema hii mapema, yote yanayofuata yatakwenda bure. Alikuja mama mmoja anayepika chapati na supu Chumbageni.

"Shikamoo mama. Ndala hizi una muda nazo?"

"Marahaba mwanangu. Hizi? Hizi ni za ndani tu, za kazini ninazo nyingine."

Za kazini zilikuwa ndugu wa zile. Kisiginoni soli ilikuwa imelika mpaka unaona rangi ya tabaka la chini, upande wa nje umelala kuliko wa ndani. Kwa saa nyingi kwa siku alikuwa anasimama kwenye saruji akiwa na kitu kisichozidi unene wa karatasi chache, na akirudi nyumbani anavua anatembea pekupeku kwenye vigae.

Kwa miezi mitatu ijayo, pekupeku marufuku, hata chooni, hata usiku. Weka viatu pembeni mwa kitanda uvivae kabla hujakanyaga. Unahitaji kiatu chenye kisigino kilichoinuka kidogo, sentimita 1 au 2, na soli nene. Raba za mitumba zinafaa kabisa ukijua kuzichagua: shika kiatu mbele na nyuma ukikunje. Kikunjike pale vidole vinapokunjika. Kikikunjika katikati kama gazeti, kirudishe. Kibonyeze ukuta wa nyuma kwa dole. Ukilala wote, kirudishe pia. Makubazi ya ngozi yaliyo bapa yasubiri sikukuu, na hata sikukuu yasubiri.

Kufunga plasta

Hii ndiyo sehemu inayofanywa vibaya zaidi, kwa hiyo nenda nayo polepole. Plasta inayotakiwa ni ile ngumu isiyovutika, nyeupe au ya rangi ya ngozi, ya zinki oksidi, upana wa sentimita 2.5 au 3.8. Duka kubwa la dawa wanayo. Zile za rangi kali zinazovutika, za wachezaji wa mpira, ni kitu kingine. Haziushikilii unyayo kwa namna hii.

Siku moja kabla, bandika kipande kidogo kwenye ngozi ya ndani ya mkono ukiache mpaka kesho. Kukiwa na wekundu au muwasho, plasta hiyo si yako. Kama mguu una nywele pembeni, nyoa siku hiyohiyo ya jaribio, usinyoe dakika za mwisho. Usifunge juu ya kidonda, fangasi au ngozi iliyopasuka.

Siku yenyewe osha mguu kwa sabuni, ukaushe kabisa, hata katikati ya vidole. Usipake mafuta ya nazi. Najua kuoga bila kupaka mafuta kwetu ni kama kutooga, lakini gundi haishiki kwenye mafuta, na kwa joto na unyevu wa pwani hii tayari inashika kwa shida. Kaa chini ya feni dakika kadhaa jasho likate.

Tafuta mtu akufungie. Lala chali au kaa kitandani, mguu ukining'inia nje ya ukingo, kifundo kikiwa kwenye pembe mraba, vidole vimelegea. Kila kipande kikatwe kabla ya kuanza.

Kipande cha kwanza ni cha kuzunguka. Kianzie upande wa nje wa mguu, nyuma kidogo ya shina la kidole kidogo. Kipitishe pembezoni mwa unyayo, kizunguke nyuma ya kisigino chini kabisa (kisipande kwenye kano ya nyuma ya mguu, kitakukata ukitembea), kirudi upande wa ndani na kiishie nyuma ya shina la kidole gumba. Hapa kuna siri ndogo: kabla ya kubandika mwisho wake, anayefunga abonyeze shina la kidole gumba lielekee chini, ili tao lijiinue, ndipo abandike. Plasta iliyofungwa bila kubonyeza hapo ni mapambo. Weka kipande cha pili kama hicho, kikipanda nusu ya upana wa cha kwanza.

Kisha vya kukatisha chini ya unyayo. Kila kimoja kianzie upande wa nje juu ya plasta ya pembeni, kipite chini ya unyayo, kivutwe kiasi kuelekea ndani na juu, kiishie upande wa ndani juu ya plasta ileile. Cha kwanza kiwe mbele kidogo ya kisigino. Kila kinachofuata kisogee mbele na kufunika theluthi au nusu ya kilichotangulia. Vinne mpaka sita vinatosha kwa mguu wa mtu mzima. Ishia nyuma ya mashina ya vidole. Ukiyafunika, vidole havitafanya kazi na plasta itang'oka siku hiyohiyo. Lainisha kila mkunjo kwa kiganja, maana mkunjo mdogo unaouona leo ni lengelenge la kesho.

Malizia na kipande kingine cha kuzunguka pembeni kama kile cha kwanza, kufunika ncha zote. Ukitaka kipande cha juu ya mguu kwa ajili ya kushikilia, simama kwanza kwa uzito wako wote ndipo kibandikwe, bila kukivuta hata kidogo. Mguu hupanuka ukikanyaga, na plasta ngumu iliyofungwa mguu ukiwa hewani hugeuka pingu.

Tembea chumbani. Unatakiwa kuhisi unyayo umeshikwa, na hatua iwe nyepesi kuliko ya asubuhi. Bonyeza ukucha wa kidole gumba ukiache: damu irudi kabla hujahesabu mbili. Vidole vikiwa vya baridi, vimefifia rangi au vina ganzi, toa yote mara moja. Kama hakuna tofauti yoyote hata baada ya kufungwa vizuri mara mbili, usilazimishe, endelea na mazoezi.

Kwa hali ya hewa yetu, siku 1 au 2 ndio uhai wake, 3 ukiwa unashinda ofisini kwenye kiyoyozi. Kuitoa, paka mafuta kingoni, subiri kidogo, kisha ikunje polepole ikifuata ngozi kuelekea zinakolala nywele. Usiing'oe kwa hasira. Acha ngozi ipumue usiku kucha kabla ya kufunga tena. Fanya hivi wiki 1 hadi 3. Faida ya plasta ni ya muda mfupi, hasa kupunguza uchungu wa zile hatua za kwanza asubuhi, na ndani ya muda huo ndipo mazoezi yanapoweza kufanyika bila kuumia.

Watu wataniuliza udhu, na wanauliza kweli. Plasta hii inafunika unyayo na maji hayafiki. Ipo ruhusa ya kupangusa juu ya bendeji ya mgonjwa, lakini masharti yake kamuulize shekhe wako, mimi ni mtu wa miguu tu. Ambaye moyo wake hautulii anaweza kufunga baada ya udhu wa Alfajiri na kutoa usiku. Ikilowa, ikaushe kwa taulo mara moja. Plasta iliyobaki mbichi ndani ya kiatu inaoza ngozi.

Mazoezi, sehemu ambayo hainunuliwi

Kabla hujashuka kitandani: panda mguu juu ya goti kama ulivyofanya kwenye kipimo, vuta vidole nyuma mpaka kano ikakamae, shikilia sekunde 10, legeza. Mara 10. Rudia mchana na jioni, jumla mara tatu kwa siku, na kila ukitaka kuinuka baada ya kukaa muda mrefu. Zoezi hili lilipimwa Marekani, matokeo yakachapishwa mwaka 2003, na lilishinda kunyoosha kigimbi peke yake. Anayesali atalitambua umbo lake: kwenye kikao cha tahiyatu, mguu wa kulia ukisimamishwa na vidole kuelekezwa kibla, kano inavutwa namna hiyohiyo. Ndiyo maana wenye kisigino kibaya cha kulia hulalamika kikao hicho. Ikizidi, kaa kwa namna unayoweza mpaka upone.

Baada ya wiki moja au mbili ongeza zoezi la nguvu. Watafiti wa Denmark walilichapisha mwaka 2014, na baada ya miezi 3 waliolifanya walikuwa na nafuu kubwa kuliko walionyoosha tu, ingawa kufikia mwaka makundi yote mawili yalikaribiana. Simama kwenye ngazi kwa nusu ya mbele ya unyayo, kisigino kikielea. Chini ya vidole weka taulo iliyoviringishwa ili vidole vikunjwe juu. Shika ukuta. Panda kwa sekunde 3, tulia juu sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Mara 12, mizunguko mitatu, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ukishindwa kwa mguu mmoja anza na miwili. Ikiwa rahisi, vaa begi mgongoni na utie vitabu au chupa za maji, upunguze marudio mpaka 10, baadaye 8, na kuongeza mizunguko. Maumivu madogo wakati wa zoezi yanavumilika. Yakikuamkia kesho yake makali kuliko jana, punguza mzigo.

Anayekimbia Raskazone apumzishe mbio kwa sasa na apande baiskeli. Mji wenyewe ni wa baiskeli, huna kisingizio.

Mawimbi ya mshtuko

Teknolojia hii imezaliwa kwenye figo. Mwaka 1980, Munich, Ujerumani, mgonjwa wa kwanza alivunjwa mawe ya figo kwa mawimbi yaliyopigwa kutoka nje ya mwili. Baadaye ikaonekana mawimbi hayo yanaamsha mwitikio wa uponyaji kwenye mifupa na kano, na mwaka 2000 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza kwa ajili ya kisigino. Chimbuko hilo la mawe limezaa uongo mmoja unaosambaa sana: kwamba mashine inasaga ule mfupa ulioota. Haisagi. Akikwambia hivyo anayetaka kukupiga mawimbi, tafuta mwingine.

Anayefaa ni yule aliyebadilisha viatu, akafunga plasta, akanyoosha kwa uaminifu wiki 4 hadi 6, na bado haridhiki. Asiyefaa: mjamzito, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda au mwenye ugonjwa wa damu kutoganda, mwenye maambukizi au uvimbe wa saratani eneo hilo, mtoto ambaye mifupa yake bado inakua, na aliyechomwa sindano ya steroidi (dawa kali ya kutuliza uvimbe) kisiginoni ndani ya wiki 6 zilizopita. Mwenye kifaa cha kusaidia mapigo ya moyo aseme kabla ya kulala kitandani.

Mashine zenyewe si za kila hospitali. Anza na idara ya mazoezi tiba ya hospitali ya mkoa, Bombo, uchunguzwe na uandikiwe barua, kisha uulize inapatikana wapi kwa sasa. Ukielekezwa Dar es Salaam, piga simu kwanza kabla ya kukata tiketi ya basi. Uliza bei ya matibabu yote, si ya siku moja, kwa sababu kwa kawaida ni awamu 3, wiki moja baina yake, na wanaotaja bei ya siku moja hawakosei kwa bahati mbaya. Uliza bima yako inalipia au la. Uliza pia aina ya mashine: ipo inayosambaza nguvu kutoka juu ya ngozi, ambayo ndani yake hewa iliyoshindiliwa inasukuma kipande cha chuma kigonge kichwa cha mshiko, na ipo inayokusanya nguvu kwenye nukta moja ndani zaidi. Zote zinatumika kwa kisigino. Ya kwanza ndiyo ya kawaida kwenye kliniki ndogo.

Utalala kifudifudi. Mtaalamu atatafuta kwa dole mahali panapouma zaidi, atapaka jeli kama ile ya altrasaundi, kisha ataanza kugonga: mapigo kama 2,000 kwa dakika chache, kwa nguvu ndogo kwanza. Inauma, kwa nini nikufiche. Lakini unatakiwa kuisema, kwa sababu maelezo yako ndiyo yanayomwonyesha aelekeze wapi na apandishe nguvu kiasi gani. Usiombe sindano ya ganzi. Utafiti umeonyesha ganzi hupunguza matokeo, na inamnyima mtaalamu dira. Dakika zinavyokwenda uchungu wenyewe hufifia.

Baada ya hapo unaweza kuona wekundu, vidoa vya damu chini ya ngozi au uchungu wa siku moja mbili. Tembea kawaida, lakini usikimbie, usiruke wala usibebe mizigo mizito kwa saa 48. Barafu na vidonge vya kutuliza uvimbe achana navyo. Wataalamu wengi huvikataza kwa siku hizo kwa sababu mwitikio wa mwili ndio tunaoutaka. Plasta unaweza kuirudisha ngozi ikiwa safi. Mazoezi endelea nayo.

Halafu subiri. Hapa ndipo watu wanapokosana na wataalamu wao. Wiki ya kwanza unaweza kujisikia vibaya zaidi, ya pili hakuna kitu, na nafuu ikaanza wiki ya 6. Hukumu itolewe wiki ya 12. Kwenye daftari au simu, kila Jumatatu asubuhi andika namba moja kati ya 0 na 10 kwa ajili ya hatua ya kwanza ya kitandani. Bila hiyo utasahau ulikotoka na utasema haikusaidia.

Ikigoma

Ambaye wiki 12 zimepita bila nafuu arudi kwa daktari wa mifupa, apigwe altrasaundi ya unyayo. Kano ya kawaida haizidi milimita 4. Iliyochakaa huwa nene zaidi, na ikionekana ya kawaida huenda tumekuwa tukitibu kitu kingine siku zote. Soli za kutengenezewa zinaweza kujaribiwa hapa, hasa kwa mtu ambaye plasta ilimsaidia sana. Sindano ya steroidi hupunguza maumivu kwa wiki chache, lakini inaweza kudhoofisha kano mpaka ikatike na kukondesha mafuta yanayolinda kisigino, kwa hiyo usikubali kuchomwa mara kwa mara. Upasuaji upo, kwa wachache sana. Siku ya miadi nenda na viatu unavyovivaa kila siku, pamoja na ndala za ndani, si vile vipya vya kuendea mjini. Mtaalamu mzuri atavigeuza soli kabla hajaugusa mguu wako.